Mfalme Asiyekufa Mpaka Amalize Hotuba

Jumatatu, 4 Machi

Asilimia saba. Yaani katika kila wachezaji mia, saba tu ndio wanaomsikiliza Mfalme wangu mpaka mwisho. Waliobaki wanabonyeza kitufe cha Ruka kabla hajamaliza sentensi ya kwanza. Mkurugenzi alizionyesha takwimu hizo ukutani mbele ya ofisi nzima, kwa rangi nyekundu. Nyekundu ilikuwa ya lazima?

Nieleze kidogo, maana siku moja daftari hili litasomwa na watu wa heshima. Mchezo wetu unachezwa mtandaoni, watu mia mbili kwa wakati mmoja, kila mtu kwake. Majeshi mawili, la ukingo wa juu wa mto na la ukingo wa chini, yanapigania daraja. Mimi ndiye mwandishi wa hadithi. Kabla ya vita anatokea Mfalme mzee na kueleza chimbuko la uhasama. Dakika nne na nusu. Niliipunguza mwenyewe kutoka kumi na moja, na kidonda hicho hakijapona.

Nyundo, anayebuni mapigano, alikuwa anatafuna kalamu tu. Tunamwita Nyundo kwa sababu silaha ya kwanza aliyoibuni ilikuwa nyundo, na ya pili nyundo kubwa zaidi. Alipoulizwa maoni yake akasema mchezaji hakumbuki alichosimuliwa, anakumbuka aliyemchoma mkuki mgongoni akiwa amebakiza hatua mbili kufika darajani. Eti hiyo ndiyo hadithi yake. Watu wazima wakaitikia kwa vichwa. Nafanya kazi na watu gani mimi?

Uamuzi ukatoka. Jumamosi kuna jaribio kubwa, wachezaji mia mbili wamealikwa. Nusu yao wasipomsikiliza Mfalme mpaka mwisho, hotuba inafutwa.

Mimi ningevumilia. Tatizo ni kwamba sauti ya Mfalme ni ya mjomba wangu. Mwalimu mkuu mstaafu. Sauti yake ilikuwa inanyamazisha wanafunzi mia nane bila kipaza sauti. Tangu astaafu na mke wake afariki, anabishana na redio sebuleni, na redio haimjibu. Siku ya kurekodi alikuja na suti na tai. Majirani wote ameshawaambia kwamba yeye ni mfalme. Sasa mimi niende nikamwambie nini? Siendi. Hotuba haifutwi.

Jumanne, 5 Machi

Njama ya kwanza. Rahisi mno, nashangaa kwa nini nilichelewa. Kitufe cha Ruka nimekihamishia pembeni kabisa, nikakipaka rangi ileile ya mawingu yaliyo nyuma yake. Anayekitafuta atakitafuta hotuba ikiendelea. Masikio hayafumbwi.

Nikamwita Nyundo ajaribu. Akakipata kwa sekunde nne. Nikamuuliza amekionaje. Akasema hakukiona, alibonyeza kila mahali kwa hasira mpaka kitu kikatokea. Akaongeza kwamba hivyo ndivyo wachezaji wanavyofanya kila kitu.

Nilikirudisha kitufe mahali pake kabla Mkurugenzi hajatoka chakula cha mchana. Sijashindwa. Nimepima tu kina cha maji.

Nyumbani mke wangu akauliza mbona nimenuna. Nikamweleza. Akauliza kwani Mfalme anasema nini hasa kwa dakika zote hizo. Nikaanza kumtolea hotuba, nimesimama hapohapo mlangoni. Nilipofika kwenye ukoo wa babu yake Mfalme nikagundua amekwenda kuanua nguo.

Jumatano, 6 Machi

Njama ya pili, na hii ina akili. Ndani ya hotuba, dakika ya nne, Mfalme sasa anataja neno la siri la kufungulia lango la daraja. Asiyesikiliza hapiti. Nilifurahi mpaka nikajinunulia soda.

Tukawaita wapimaji ishirini wa mchezo. Vita vikaanza. Mmoja wao, mmoja tu, akasikiliza mpaka mwisho. Akaliandika neno la siri kwenye ubao wa ujumbe ambao wachezaji wote wanauona. Kumi na tisa wakapita langoni wakikimbia. Yule msikilizaji wangu akabaki nyuma, akakanyagwa.

Mkurugenzi akasema basi tumeshuka kutoka asilimia saba hadi tano. Nikamkumbusha kwamba katika ishirini huwezi kupata saba. Akaniangalia. Nikanywea.

Nyundo alikuja mezani kwangu jioni na kikombe cha chai. Chai yenyewe alinipa. Akasema kama napenda, tunaweza kuifanya hadithi itokane na vita vyenyewe, kwamba mchezo uwe unakumbuka nani alimwokoa nani na nani alikimbia, kisha Mfalme ayataje hayo. Nikamshukuru kwa chai. Hayo mengine ni mitego. Leo Mfalme ataje nani alikimbia, kesho nitaambiwa aandikwe na mashine.

Alhamisi, 7 Machi

Mjomba amenipigia simu mwenyewe. Akaniita nyumbani. Nilikwenda miguu mizito, nikidhani amesikia.

Hajasikia. Alitaka nimwonyeshe namna ya kuingia kwenye mchezo. Kompyuta kaazima kwa jirani, kaifunika kitambaa cha mezani. Nikamfungulia akaunti. Akachagua askari wa ukingo wa chini, kwa sababu ukingo wa juu, alivyosema, wanaonekana wana majivuno. Akafundishwa kutembea, kupiga, kukaa chini. Alikufa mara sita ndani ya robo saa. Kila akifa anasubiri sekunde kumi, anafufuka, anarudi vitani akiwa ameshika miwani. Sijamwona na furaha ile tangu msiba.

Akaniuliza wachezaji wakimsikia Mfalme wanaweza kumjibu. Nikamwambia Mfalme hajibizani na watu, Mfalme anahutubia. Akasema mpwa wangu, darasa lisilojibu limelala. Nikamwambia huu ni mchezo, si darasa. Kisha akanijulisha kwamba Jumamosi anakuja ofisini kushuhudia jaribio. Ameshapiga suti pasi.

Nilikubali. Ningefanyaje? Nilirudi nyumbani nina hofu kama mtoto aliyevunja sahani. Mzee yule akikaa pale na kuona sauti yake inarukwa na watu mia mbili, ataumia kwa kweli, na mimi ndiye niliyemwambia wanamsubiri kwa hamu.

Ijumaa, 8 Machi

Njama ya tatu. Ya mwisho. Ya ushindi.

Kosa langu lilikuwa kumweka Mfalme kabla ya vita. Sasa namweka katikati ya vita, katikati ya daraja. Anasimama pale na kuanza kuhutubia. Hapigiki, hasukumiki, hafi mpaka amalize. Na hakuna anayepita daraja kabla hajamaliza. Kitufe cha Ruka nimekiua. Waje sasa na nyundo zao.

Nilimfuata fundi wa seva, dada mpole anayetunza mitambo inayowaunganisha wachezaji wote. Hafanyi badiliko lolote bila fomu iliyojazwa na kutiwa sahihi. Fomu yenyewe ina swali la kijinga: mchezaji akifika hotuba imeshaanza, itakuwaje? Nikafikiri kidogo. Mtu akikosa mwanzo ataelewaje habari ya ukoo? Nikaandika: hotuba ianze upya. Kila anapofika mtu mpya, ianze upya kwa wote, ili tuwe pamoja.

Dada akaisoma mara mbili. Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia yeye atunze mitambo, mimi nitunze hadithi. Akaniletea kalamu.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika haya nimekaa chooni ofisini. Hapa ndipo penye utulivu.

Mjomba alifika saa tatu kasoro, suti, tai, viatu vinang'aa. Mkurugenzi akampa kompyuta ya mwisho dirishani na vipokea sauti vyenye maikrofoni. Wachezaji mia mbili wakaingia. Vita vikaanza. Mfalme akatokea darajani na kusema: Enyi wana wa kingo mbili, lazeni silaha mnisikilize. Sauti ikajaa chumba. Mjomba akakaa wima. Nikamkonyeza Nyundo.

Akafika mchezaji mwingine darajani. Enyi wana wa kingo mbili, lazeni silaha mnisikilize. Akafika wa tatu. Enyi wana. Wa nne na wa tano pamoja. Enyi. Enyi wana.

Nilikuwa nimesahau wafu. Kule pembeni watu walikuwa bado wanauana, na kila anayeuawa anafufuka baada ya sekunde kumi, na kila anayefufuka anakimbilia darajani akihesabiwa mgeni. Hotuba haikuwahi kufika sentensi ya pili. Mfalme hakumaliza, kwa hiyo hakufa. Hakufa, kwa hiyo hakuna aliyepita. Majeshi mawili yakajazana darajani bega kwa bega, hakuna pa kwenda. Wakaanza kuigiza kwenye maikrofoni zao. Watu mia mbili kwa sauti nzito ya mjomba wangu, enyi wana, enyi wana, na vicheko. Fundi wa seva aliniambia baadaye kwamba sentensi ile ilisemwa mara mia tatu na kumi na mbili.

Mkurugenzi aliandika sifuri kwenye karatasi yake, akaizungushia duara.

Nikamtazama mjomba. Amekunja mikono, anajisikia akikatwa na kuchekwa. Nilitaka ardhi ipasuke. Nikaanza kwenda kumwomba radhi, nimwambie twende nyumbani. Kabla sijafika akaivuta maikrofoni karibu na mdomo.

Akauliza ni nani anayesukuma kule nyuma.

Kimya. Watu mia mbili, wengine wenye watoto wao, kimya. Akawaambia wakae chini wote, kingo zote mbili. Wakakaa! Niliona kwenye skrini helmeti zikishuka safu kwa safu. Akamwagiza fundi wa seva, kwa adabu, azime yule anayepiga kelele. Alimaanisha Mfalme. Dada akazima hapohapo, bila fomu.

Kisha akamwita mchezaji mmoja aliyekuwa ametumbukia mtoni mara tatu na kumtaka aeleze aliendaje huko. Yule akaeleza kwa aibu. Mmoja wa ukingo wa juu akakiri kwamba ndiye aliyemsukuma, mara mbili, ya tatu alijitumbukiza mwenyewe. Mjomba akayashika hayo na kuyasimulia upya, kwamba ugomvi wote wa daraja ulianza siku askari mmoja asiyejua kuogelea alipokataa kukiri kwamba aliteleza. Akamwingiza na mchezaji aliyemchoma mwenzake mkuki mgongoni, na mwanamke aliyelinda ngazi za daraja peke yake kwa dakika tisa na hakuna aliyekuwa amemwona. Wakawa wanadakia, wanasahihishana, wanamuuliza ikawaje. Dakika arobaini. Hakuna aliyetoka. Nyundo alikuwa ameweka kalamu chini, mdomo wazi.

Hakutumia hata neno langu moja.

Jumapili, 10 Machi

Nilikwenda kwa mjomba kuomba msamaha. Nilikuta majirani wanne sebuleni na redio imezimwa. Anasimulia.

Walipoondoka nikamwambia ukweli wote, asilimia saba, kitufe, fomu. Akasikiliza mpaka mwisho, wa kwanza wiki hii. Akasema alijua tangu siku ya kurekodi kwamba ile hotuba ni ndefu, ila hakutaka kunivunja moyo, na tena alikuwa anapenda kutoka nyumbani. Akasema watu hawachoki kusikiliza, wanachoka kusikiliza mambo wasiyokuwemo. Akanishika bega, akanimiminia chai.

Machozi yalinilengalenga, nakiri. Niliondoka nikijiona mtu mpya.

Jumatatu, 11 Machi

Kikao. Mkurugenzi ametangaza kwamba hotuba imefutwa rasmi. Mjomba ameajiriwa. Jumatano, Ijumaa na Jumamosi ataingia mchezoni kama Mfalme mwenyewe, na kila vita vikiisha atakaa darajani na wachezaji na kuwasimulia walichokifanya, wao wakimjibu. Nyundo atabadilisha mapigano ili washindi na walioshindwa wakutane pale bila silaha. Ofisi nzima ikapiga makofi. Nilipiga na mimi. Ni mjomba wangu, na alikuwa amesimama pale na tai yake kama bwana harusi.

Ila nimelitafakari jambo hili kwa kina, na nakataa katakata wanavyolieleza. Nani alimleta mzee? Mimi. Nani aliwakusanya watu mia mbili darajani wasiweze kutoka? Fomu ina sahihi yangu. Jumamosi lilikuwa jaribio la hadithi yangu na limefaulu. Kilichopungua ni matini tu. Mzee wa watu aliachwa aropoke chochote kilichomjia kichwani, na bado walimsikiliza dakika arobaini. Je, angekuwa ameandikiwa?

Kwa hiyo nimemwandikia. Kurasa kumi na mbili kwa ajili ya Jumatano, zinaanzia kwa babu yake Mfalme. Kuhusu yale majibizano wanayoyasifia sana, nimeyazingatia pia, mimi si mtu wa kukataa mawazo ya wenzangu. Kurasa nne za mwisho ni maswali ambayo wachezaji watamuuliza, yamepangwa kwa namba. Asubuhi nawatumia wote mia mbili wakayakariri.