Kuhusu Kinyago Chenye Pua Yangu

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Siku za Sanaa, Muziki na Historia,
Bonde la Kamwaza.

Mama Chiwaya mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na kamati yako, na kwamba mahindi yenu yamestahimili mvua. Mimi mwili wangu hauna neno. Inayougua ni heshima yangu.

Nimeisoma ratiba mliyobandika pale kwenye mashine ya kusaga. Ijumaa ni vyungu na michoro ya ukutani ya akina mama, sina neno. Jumamosi asubuhi ni bendi ya banjo. Sina neno, ingawa mmoja wa wapigaji ni mpwa wangu na uvivu wake naujua. Jumamosi alasiri, uwanjani: "Ngoma Kuu, pamoja na kinyago kipya, Bwana Kwa-Kifupi." Hapo ndipo nina maneno.

1. Kinyago hicho kina pua yangu. Nilikiona kwenye matanga ya marehemu Galuanenji, kimevaa miwani iliyofungwa waya upande wa kushoto. Watu wengi hufunga miwani yao kwa waya, ingawa katika bonde hili bado sijakutana na mwingine.

2. Kinapanda juu ya kinu kilichopinduliwa, kinakohoa, kinasema, "Kwa kifupi," halafu kinaendelea mpaka vinyago wenzake wanaanguka kwa usingizi mmoja baada ya mwingine. Mimi husema "kwa kifupi" kwa kuwahurumia wasikilizaji. Mwaka jana hotuba yangu juu ya kuhama kwa ukoo wetu ilihudhuriwa na mlinzi wa shule, ambaye ndiye mwenye funguo, na bibi mmoja aliyedhani ni kliniki ya macho. Bibi huyo alikaa mpaka mwisho. Aliniambia, "Macho bado, mwanangu, ila usingizi nimeupata."

3. Mwaka huu mmeniweka darasani saa ile ile ya kinyago. Atakuja nani? Hata mlinzi amenieleza bila kumung'unya maneno: "Bwana Kamtambe, funguo nitakuachia. Mimi utanikuta uwanjani."

4. Hili ndilo linaloniuma. Kinyago kinapohutubia, wanawake wanaitikia kwa wimbo, na wimbo wenyewe ni historia yangu! Niliikusanya kwa baiskeli, nikiwapelekea wazee sukari ili wakumbuke, na wazee hao sasa wote wamekwisha zikwa. Safari ya vizazi, njaa, mto uliovukwa watu wakifukuzwa, vyote vimefupishwa vikawa wimbo usiofikia hata urefu wa sala ya chakula. Mama, naogopa. Nikifa, majina ya waliouvuka mto yatakufa nami, na kitakachobaki ni kichekesho. Na anayeongoza wimbo ni mke wangu. Nilipomkemea alinijibu, "Baba Tisungane, miaka yote hii unayasema wakati wa kula. Ulidhani yanaingia wapi?"

5. Kuna na tatizo la kisheria. Wewe wajua kwamba kinyago chetu hakina mtu ndani. Ni mnyama aliyetoka makaburini, na anayethubutu kusema "yule ni fulani, namjua kwa miguu yake" hutozwa kuku. Banda langu limeanza kupungua. Sasa kama ndani hamna mtu, nimshtaki nani? Nikiwa karani wa mahakama mstaafu, niliandika hati ya kumwita shaurini, nikaipigilia kwenye mti wa mwanzo wa makaburi. Jumapili iliyofuata kinyago kilicheza kimeibandika hati yangu kwenye paji la uso, mhuri ukiwatazama watu. Wakaisoma kwa sauti, na walipofika penye "ufike bila kukosa," uwanja mzima ulipiga vigelegele.

Kwa sababu hizo naiomba kamati ikiondoe kinyago hicho kwenye ratiba. Kama hakiondoleki, kibadilishwe pua. Kama pua haibadiliki, basi kamati itangaze rasmi, mbele ya chifu, kwamba mimi sifanani nami.

Nisalimie Bwana Chiwaya, watoto, wajumbe wote, na yule katibu aliyecheka nilipokuja kuulizia. Nabaki mtumishi wenu, mwenye uchungu lakini mwenye adabu,

Joziya Kamtambe
Mwanahistoria wa Bonde

N.B. Kabla ya kuituma nimepita kisimani. Watoto walikuwa wakicheza Bwana Kwa-Kifupi. Binti mmoja alipanda juu ya ndoo, akakohoa, na wenzake wakaimba majina ya waliovuka mto, tangu wa kwanza, kwa mpangilio wake. Majina hayo hata mwanangu wa kumzaa hayajui. Nilijibanza nyuma ya ghala la mtu nikalia, na sioni haya kukwambia. Kiacheni kinyago, Mama. Kipeni na saa yangu ya hotuba. Ila mwambieni huyo, yaani msimwambie mtu, maana mtu hamna, kwamba baada ya jina la Chauwa wanamruka Nambewe, mama aliyevuka na mbegu za mtama ndani ya nywele zake. Bila yeye tungefika tukafa kwa njaa. Wamwingize. Hotuba nimeifuta, Jumamosi nitakaa chini na watoto, wanifundishe kuimba.