Ombi la Safu ya Leza katika Daftari la Wagonjwa

Baraka, tarehe 2 mwezi wa tano

Mheshimiwa Munganga Mkuu wa zoni yetu ya afya,

Kwa heshima zote nakusalimu. Mimi ni Ibrahim Kassimu, baba yake Nuru, mwenye boti mbili za abiria hapa Baraka. Naandika kwa msaada wa jicho la kushoto. La kulia ndilo lenye malalamiko.

Mwezi wa tatu nilinunua leza sokoni, kikalamu chenye mwanga wa kijani, ili niwaonyeshe abiria mawe yaliyo majini. Nilipobonyeza sikuona kitu, maana jua lilikuwa kali. Nikakigeuza, nikachungulia tunduni. Hapo nikaona.

1. Kituoni, muuguzi Immaculée aliniuliza: «Papa, nini iliingia mu jicho?» Nikajibu, mwangaza. Akasema: «Mwangaza inaingiaka mu macho ya bantu bote.» Daftari lake lina safu ya malaria, ya kipindupindu, ya pikipiki, hata ya kuumwa na mbwa. Ya leza hakuna. Nikaandikwa chini ya «Vingine», pamoja na mtu aliyemeza kifungo. Mimi, mwenye boti mbili!

2. Bila safu, zoni haiwezi kuona ajali zinavyopanda. Nikafungua daftari langu. Mwezi wa tatu, ajali moja: mimi. Mwezi wa nne, tatu. Ya kwanza ni mimi tena, nikimwonyesha shemeji yangu Bienfait jinsi ile ya awali ilivyotokea. Ya pili ni dume la mfugaji Gasore, lililoteremshwa kutoka milimani Bibokoboko kuuzwa. Nilikuwa namwonyesha Gasore kwa leza paja ninalolitaka, mkono ukateleza hadi jichoni mwa ng'ombe. Ya tatu ni Mama Anastasie, aliyeteguka kifundo akilikimbia dume hilo. Tukizidisha kwa tatu kila mwezi, mwezi wa kumi na mbili peke yake utaleta majeruhi 19,683. Vitanda hivyo hatuna.

3. Doa jeusi limebaki katikati ya jicho langu. Jumatatu, ziwani, nilidhani ni mwamba, nikalikwepa. Likanifuata. Nikalikwepa tena, abiria wakalowa wote. Sasa usukani anashika Bienfait, nami nakaa nyuma na magunia ya mihogo. Hilo, Munganga, linaniuma kuliko jicho.

Kwa hiyo naomba safu, tangazo la redio kila wiki, na kamati. Uenyekiti sitaukataa, kwani hakuna mwenye uzoefu wa kunizidi.

Uwasalimie wa nyumbani kwako, pamoja na Immaculée na bamotari wote wa pikipiki, wenye bahati ya kuwa na safu yao.

Wako mwenye jicho moja la kutegemewa,
Ibrahim Kassimu

Nyongeza: Barua ilikaa siku kumi ikingoja pikipiki ya kuileta kwako Fizi. Mke wangu Zubeda aliisoma, akasema: «Baba Nuru, ajali zote ziko na mukono moja.» Akakitumbukiza kikalamu chooni. Tangu siku hiyo, majeruhi sufuri. Basi safu usiiweke. Limebaki doa tu. Nikimtazama Zubeda linamfunika uso, inabidi nigeuze kichwa kando kidogo ndipo nimwone. Naye ananiuliza ni nani huyo ninayemwangalia.