Ombi la Kuwaondoa Darasa la Tatu Ukutani Kwetu

Zizi la Mzee Molise,
Ha Sebolai, milimani, Lesotho.
Juni

Kwako Mama 'Malineo, Mwalimu Mkuu,

Sasa hivi watoto wako wa darasa la tatu wamefika saba mara nane, wanarukaruka ili miguu ipate moto, na mimi huku ndani ya zizi nimeshajibu kabla yao. Kwa heshima zote, mama, hali hii imenichosha.

Mimi ni Seabata, nachunga kondoo wa mjomba wangu Molise, hapa nyuma ya shule. Tangu jiko la kuotea moto darasani liharibike, Mwalimu Nthabeleng anawatoa darasa la tatu nje, wanakaa kwenye ukuta wetu wa mawe kuota jua. Jua likisogea, darasa linasogea. Sikukataa, jua si la mtu. Lakini nasikia fundi wa jiko anakuja Jumatatu, na ninaomba asichelewe hata siku moja, kwa sababu hizi:

1. Wananifundisha bila ruhusa yangu. Shule niliiacha darasa la pili nikaenda malishoni, tukaachana kwa amani. Kondoo nilikuwa nawajua kwa sura tu. Juzi mjomba kaniuliza, "Wamerudi wote?" Nikasikia mdomo wangu unasema, "Tano mara tisa, ongeza mbili." Akanitazama mpaka blanketi likamteleza begani. "Wewe mpwa wangu, nimekuuliza kondoo. Umekunywa nini?"

2. Barafu. Kila jioni mwalimu anaacha bakuli la maji juu ya ukuta, asubuhi watoto wanaipima barafu kwa rula na kuichora. Jumanne mbwa wangu kairamba yote. Kelele zake! "Mwalimu, mbwa wa kaka Seabata kala somo!" Mwalimu hata hakukasirika. Kasema, "Haya, basi leo tujiulize: kwa nini maji ya juu yanaganda kwanza?" Nikasogeza sikio. Kengele ikalia, wakaenda kunywa uji. Mama, ni haki mtu kuachwa hivyo? Mpaka leo nikivunja barafu kijitoni ili kondoo wanywe, nasimama naitazama kama mjinga, na kondoo nao wananitazama mimi.

3. Hili ndilo limenifika shingoni. Kuna mtoto anaitwa Puseletso, mdogo, blanketi limemzidi urefu. Akisoma, meno yanagongana, na kwenye neno refu anakwama, wenzake wanamcheka. Jana alikwama tena, wakaanza kucheka. Nikalisema lile neno taratibu kwenye upenyo wa mawe. Nilidhani nimenong'ona. Akaruka juu: "Mwalimu, ukuta umeniambia!"

Lebeko, yule mtundu, akadakia, "Basi ukuta una akili kukushinda."

"Na wewe je? Si ulikwama kwenye 'mbuzi'!"

Sasa kila anayekwama anabandika sikio ukutani kwetu. Mwalimu naye, badala ya kuwakemea, kasema kwa sauti ya kunifikia huku, "Ijumaa tuna mtihani. Na ukuta nao utafanya."

4. Mama, sijajiandaa. Kujumlisha sina neno, lakini kugawanya walifundishwa siku niliyopeleka kondoo kuogeshwa, na hakuna aliyenisubiri.

Kwa hiyo naomba watoto warudishwe ndani, mlango ufungwe, na mimi niachiwe ujinga wangu niliouzoea. Ulikuwa haunidai chochote.

Nisalimie Mwalimu Nthabeleng, mama anayepika uji, na watoto wote, hata Lebeko. Lazima niondoke sasa. Jua limezunguka, darasa linahamia kona ya lango, na kwenye kona hiyo mtu aliyejikunyata huku ndani anaonekana mwili mzima.

Mimi ninayelalamika kwa adabu,
Seabata

Nyongeza: Fundi asiharakishwe sana, barabara ya mlimani ina theluji, asije akaumia bure. Na akishalitengeneza jiko, lile dirisha la nyuma, la upande wa zizi, lina kioo kilichovunjika. Nakuomba sana, mama, lisizibwe. Nitasimama nje tu, sitamsumbua mtu.