Majirani Wanaokataa Kulalamikia Sabufa Yangu

Nyumba Na. 6, Ghorofa ya Pili.
Jumamosi, tarehe 16, saa nane mchana.

Mwenyekiti,
Kamati ya Wapangaji.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: MAJIRANI KUTOLALAMIKA

Natumaini umeshuka ngazi salama, maana taa ya kwenye kona bado imekufa. Ila hilo nililiandikia barua tarehe 2 na silirudii. Leo nina jambo zito zaidi. Tangu Jumapili nina sabufa ndani ya nyumba, na hakuna mpangaji hata mmoja aliyekuja kunilalamikia.

Nieleze kwa utaratibu, kama ilivyo kwenye daftari langu la kila siku.

Jumapili tarehe 10 nilileta sabufa, boksi jeusi linalonifika magotini. Ili lipate nafasi sebuleni, kabati la vyombo la mke wangu lilihamia kwenye korido, ambako sasa tunapita kiubavu. Mke wangu alikubali kwa sharti. Kaka yake, yaani shemeji yangu, ana sabufa ambayo mtaa mzima unaijua. Wiki ya kwanza tu aligongewa mlango mara nne. Basi mke wangu akasema, “Kama hilo dude lako ni sabufa kweli, atakuja mtu kulalamika. Ikifika Jumamosi saa kumi jioni hajaja mtu, kabati langu linarudi mahali pake, na dude unampa kaka.” Niliandika, akasaini. Mimi ndiye niliyemzoesha kusaini.

Kuunganisha niliunganisha mwenyewe. Ndani ya boksi mlikuwa na nyaya mbili. Mmoja niliuchomeka nyuma ya amplifaya, kwenye tundu lililoandikwa sabufa, na ncha ya pili kwenye sabufa yenyewe. Waya wa pili, mnene, mweusi, ulibaki. Niliufunga kwa mpira nikauweka kwenye droo ya kabati uwe wa akiba, kwani mtu mwenye akili hatumii nyaya zake zote siku moja. Taa ya sabufa haiwaki, jambo lililonifurahisha, maana sipendi vitu vya kujionyesha. Amplifaya siizidishi, kwa sababu spika zangu mbili za zamani hukwaruza. Lakini kitufe cha sauti cha sabufa nimekizungusha hadi kikagoma.

Kisha nikakaa kungoja. Malalamiko yangu ni haya:

1. Fundi cherehani anayeishi chini yangu. Jumatatu nilimkuta ngazini nikamwuliza kama nimemsumbua. Akajibu, “Wewe? Jirani, wewe hata ukipiga chafya unaomba ruhusa kwanza.” Nimemsamehe, lakini nimeandika.

2. Mwalimu mstaafu wa juu. Jumanne nilimpigia ngoma tupu dakika arobaini. Jumatano akagonga mlango. Nilifungua kwa furaha, kalamu mkononi. Alikuja kuazima nyundo. Nikamwuliza habari za sakafu yake, akasema, “Imetulia, mwanangu. Mpaka nikadhani mmesafiri.”

3. Mama Mapacha, ambaye tunatenganishwa naye na ukuta mmoja tu. Watoto wake hulala kila alasiri, saa zilezile za majaribio yangu. Alhamisi alinishukuru kwa utulivu, tena mbele ya mke wangu. Mwenyekiti, kushukuriwa ni jambo jema, ila lina wakati wake.

4. Nyumbani kwangu mwenyewe. Ijumaa niliweka glasi ya maji juu ya sabufa, kama tulivyofundishwa kwenye fizikia, ili mtikisiko uonekane. Mke wangu akaiinamia wimbo mzima, akasema, “Baba watoto, maji yamelala fofofo.” Kisha akayanywa.

Tatizo si sabufa. Tatizo ni uungwana uliopita kiasi. Watu wanatikisika na wananyamaza. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Nami nasema mshindo huo ni wangu, na ninaudai.

Kwa hiyo naomba kamati:

(a) ibadilishe kanuni ya tisa, ili haki ya kulalamikia kelele iwe wajibu;

(b) ipange zamu, kama zile za kufagia ngazi, kila alasiri nyumba moja ilalamike, na anayeumwa atafute wa kumshikia;

(c) anayedai hasikii kitu apelekwe kupimwa masikio, na akikutwa mzima ahesabiwe mkaidi;

(d) kwa kuwa muda umebana, wewe mwenyewe upande leo kabla ya saa kumi unigombeze. Hata kwa upole.

Usidhani ni anasa. Nina miaka kumi na tisa katika jengo hili na sijawahi kutajwa kwenye kikao. Shemeji akija hapa watu husema, “Kaja yule wa muziki.” Mimi nikienda kwake huniuliza kama nimekuja kusoma mita. Nilitaka, mara moja tu, hata ukuta mmoja ujue kwamba naishi.

Nisalimie katibu, wajumbe wote na mlinzi wa geti. Fundi cherehani mwambie sina kinyongo.

Wako katika utulivu nisioutaka,
Mpangaji wa Namba Sita.

Tanbihi, saa kumi kasoro dakika tano: Kabla sijafunga bahasha, mke wangu aliamua tuanze kurudisha kabati mapema. Tulipoliinamisha, droo ikafunguka na waya wa akiba ukamwangukia mguuni. Ulikuwa na plagi ya ukutani. Tukatazamana. Yeye ndiye aliyeuchomeka. Mimi nilikuwa naandika. Taa ikawaka. Kitufe, utakumbuka, kilikuwa mwisho.

Naomba (a), (b) na (c) zifutwe, na badala yake kamati iwakumbushe wapangaji kuvumiliana. Fundi cherehani amenionyesha suruali ya mteja yenye mshono uliopinda. Mapacha wameamka wote wawili. Mwalimu ameniita kutoka juu kwa sauti ya paredi. Nawe, Mwenyekiti, ulinigongea kwa ngumi saa tisa na dakika arobaini na mbili. Maneno yako sikuyaandika yote, kwa heshima ya cheo.

Ila mke wangu anasema malalamiko ya mdomo hayahesabiki, lazima yawe na tarehe na saini. Ameyapata kwangu hayo. Nimekuachia mistari mitatu hapa chini, na kalamu nimeifunga kwa uzi kwenye bahasha. Zimebaki dakika tano. Tafadhali usiandike kwa upole.