Ombi la Namba ya Siri ya Simu Inayotawala Nyumba Yangu

Karakana ya Mageti na Madirisha,
Nyuma ya ghala la saruji.

Kwa Mwenye Simu wa Kwanza,
Kwa mkono wa fundi simu, meza ya tatu kutoka lango la soko.

Ndugu usiyenijua,

KUHUSU: KUNIFUNGULIA SIMU ULIYONIFUNGIA, NA KUACHA KUNITAWALIA NYUMBA

Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya, na kwa jinsi unavyopenda kuamka mapema sina shaka kwamba u mzima. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Nina mke, watoto watatu, mama mzazi, na tangu wiki sita zilizopita nina simu yako. Si ya wizi, usije ukanifikiria vibaya. Niliinunua kwa fundi simu ambaye ndiye atakayekukabidhi barua hii, naye aliniapia kuwa uliiuza kwa hiari yako kwa sababu ulitaka yenye kamera kubwa zaidi. Siku ya kwanza ilikuwa wazi, haina kufuli wala nini. Nikaweka laini yangu, nikampigia rafiki yangu mmoja kumringia, nikaiacha juu ya kabati nikaenda kuoga. Kesho yake asubuhi nikaishika, ikadai namba ya siri yenye tarakimu nne.

Nilimrudia fundi mbio. Akaigeuza geuza, akaipuliza, akasema mambo mawili. Kwanza, siku hizi mwenye simu anaweza kuifunga hata akiwa mbali, yaani wewe umekaa huko kwako unakunywa chai na mimi umenifungia. Pili, hata akiifuta yote, bado itamtaka mwenyewe wa kwanza, na wewe hajui unakoishi, ila huwa unapita kuangalia vifuniko vipya. Basi nimejaribu namba mpaka simu yenyewe ikanichoka, ikaniweka nisubiri nusu saa kama mwanafunzi mtundu. Kupigiwa napigiwa, na wateja wangu wote wana namba hii, na simu nyingine ya kuhamishia laini sina, ndiyo maana siwezi kuitupa. Kupiga ndiko nilikokatazwa.

Kwa kufungiwa peke yake nisingekusumbua. Ningemeza. Kilichonishinda ni kwamba umefunga mlango ukaziacha kengele zako ndani. Zinalia kila siku, kila moja na maandishi yake kwenye kioo, na mimi ninachoruhusiwa ni kuzinyamazisha tu mpaka zamu yake nyingine. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo. Sita ya kwanza mke wangu ameyapitia kunisahihishia lugha, maana yeye ni karani wa shule, na mimi kalamu niliyoizoea ni chaki ya kupimia vyuma.

1. Usingizi. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, kila siku iendayo kwa Mungu: "Amka. Na wengine wamechoka." Sikatai kwamba wengine wamechoka, lakini nani alikuuliza? Nikishaamka, usingizi umeshakatika, nifanye nini? Siku mbili za kwanza nilikaa jikoni nikitazamana na sufuria. Siku ya tatu nikaona isiwe tabu, nikawasha jiko. Maji yakachemka, watoto wakaoga, uji ukaiva, mke wangu akaamka akakuta kila kitu tayari. Sasa limekuwa jambo la kila siku. Jirani yangu, dereva wa lori la mchanga, alinichungulia dirishani nakoroga, akaenda kunicheka kwa mkewe, na mkewe sasa anamwuliza yeye mwiko wake uko wapi. Kwa hiyo nyumba ulizovuruga si moja, ni mbili.

2. Zimamoto. Simu iliyofungwa inaruhusu kupiga namba ya dharura tu. Jumanne moja nilibanwa na geti la mteja upande wa pili wa mji, nikajua nyumbani wananisubiri kwa chakula. Mteja alinipa simu yake kwa roho safi, lakini namba ya mke wangu siikumbuki kichwani, imo humo ndani ya simu yako. Namba niliyokuwa naijua ni ya zimamoto. Nikawaomba kwa adabu zote wampitishie mke wangu ujumbe kuwa ninachelewa. Niliwaelekeza nyumba vizuri sana, na nadhani hapo ndipo nilipokosea. Walikwenda na gari kubwa, king'ora juu, watu wanane na kofia zao. Wakamwambia kwamba nachelewa. Kisha, kwa kuwa hawakutaka kurudi hivi hivi, wakalizima jiko. Mkubwa wao amenionya kwa maneno ambayo mke wangu amekataa yaandikwe hapa.

3. Bawaba. Kila Jumatano saa kumi jioni: "Bawaba ya mlango wa choo. Leo, si kesho." Hapa nilipigwa na butwaa. Kumbe na wewe una mlango wa choo uliolegea upande mmoja, unaoegemezwa kwa tofali? Nilidhani niko peke yangu duniani! Mimi natengeneza milango ya watu ishirini kwa mwezi, na wa kwangu una mwaka wa nne tunauinua kwa mikono miwili kama tunahamisha kabati. Kengele ililia Jumatano tatu. Ya nne nikabeba mashine, nikavaa miwani, nikaichomelea bawaba kwa hasira. Sasa mlango unafunga kwa kidole kimoja. Lakini nataka uelewe kwamba niliichomelea kwa sababu ya kelele, si kwa sababu ulikuwa na haki.

4. Kazi. Ijumaa saa tatu asubuhi: "Uliahidi Ijumaa. Ijumaa ndiyo hii." Ikalia juu ya meza ya karakana, katikati ya vipande vya nondo, mteja wa madirisha amesimama hapo hapo. Akaisoma kwa sauti. Wateja wamezoea kuniita Ijumaa Ijayo, ni utani wa miaka, tunacheka yanaisha. Yule hakucheka. Alikaa juu ya mtungi wa gesi akasema kama hata simu yangu imechoka, yeye hana haraka, atangoja hapo. Akangoja. Nikamaliza madirisha yake siku ile ile, jambo ambalo halijawahi kutokea pale, na sasa wote wanataka hivyo.

5. Lalamiko la tano lilihusu chumvi. Mke wangu amelifuta, anasema daktari alishalizungumza na halina mjadala.

6. Ndugu na jamaa. Jumapili saa nne: "Nenda kamwone mama." Mama yako simjui, kwa hiyo nilimtumia wa kwangu. Anakaa mwendo wa saa nzima kwa miguu. Aliponiona mlangoni siku isiyo na msiba wala ugonjwa, alijishika kichwa akauliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna aliyekufa mama, ni kengele. Nimekwenda Jumapili zote sita. Hii iliyopita ameniambia kwa upole kuwa anafurahi mno kuniona, ila kama naweza kumpa Jumapili moja ya kupumua, na yeye ana mashoga zake wa kutembelea.

Jumatatu jioni ndiyo kiboko: "Mwombe radhi shemeji. Ulikosa wewe." Shemeji yako nimjulie wapi? Nikamfuata wa kwangu, kaka yake mke wangu, seremala, ambaye tulikuwa hatusalimiani tangu ngazi yake ilipovunjikia mikononi mwangu nami nikashikilia kwamba ilikuja imevunjika. Nikamwomba radhi kwa niaba yako, kwa kosa lako ambalo hata silijui. Yule bwana akaangusha randa akalia. Akanikumbatia mbele ya wateja wake, vumbi lake lote la mbao likahamia kwangu. Na kengele haikukoma, kwa hiyo nimeshamwomba radhi mara sita na mara sita amenisamehe. Tangu hapo anakuja kula kwetu kila jioni, na mtu yule anakula! Kosa ni lako, sahani ni zangu.

7. Hili naliandika karakana, mke wangu hajaliona wala hataliona, na bahasha nitaibandika kwa gundi.

Ndugu, nyumba yangu imepata mkuu mwingine. Yule mtoto wangu mdogo juzi aliomba ruhusa ya kwenda kucheza akiwa ameielekea simu, na mimi nimekaa hapo hapo kando yake. Mke wangu akitaka jambo hasumbuki na mimi, anauliza tu simu imesemaje leo. Yote hayo ningeyabeba. Lakini Alhamisi iliyopita, saa kumi na mbili jioni, ikalia kengele mpya ambayo sikuwahi kuiona, bila shaka umeiongeza kwa mbali: "Mwambie mke amependeza." Nikaisoma mara mbili. Alikuwa anamenya viazi, amevaa gauni la kupikia lenye doa la mafuta kifuani. Nikamwambia, kwa sababu kengele ilikuwa imekaza kulia. Alicheka mpaka kisu kikamdondoka, kisha akanigeuzia mgongo. Baadaye akaenda kubadili gauni, siku ya Alhamisi, wala hakuna tulipokuwa tunakwenda.

Sasa nakuuliza kiungwana: kwa haki gani? Na wewe ni mume wa namna gani, unasahau jambo kama hilo mpaka ujiwekee kengele? Mimi sijawahi kusahau. Sikuwahi tu kusema.

Nikikusema vibaya, anakutetea kama anakujua. Nilimwuliza anakuonaje, akajibu kwamba huyo mtu ana subira ya ajabu, akaendelea kufua. Nimeishi naye miaka kumi na moja sijasikia akinisifia subira. Basi nasema wazi, tena bila kuona haya kwa kuwa hunioni: nina wivu, na ninaogopa. Naogopa kwamba siku moja nitatoka kazini nikute simu yako imewekwa kwenye kiti changu, na hakuna atakayeniuliza nimechelewa wapi.

Kwa hiyo naomba ndani ya siku kumi unifanyie moja kati ya haya:

(a) Unipe namba ya siri, nizizime kengele zote kwa mkono wangu, tuachane kwa amani.

(b) Au uje uhamie hapa wewe mwenyewe. Uamke saa kumi na moja na nusu, ukoroge uji, umsikilize mteja wa madirisha, umlishe shemeji. Mimi nitakwenda kukaa kwako, ambako nadhani sasa hivi ni kimya kabisa.

(c) Au, hayo yakikushinda, uongeze kengele moja, moja tu, ya kumwamrisha mke wangu. Maneno chagua wewe. Nimefikiri siku mbili sijapata la kumwamrisha.

Wasalimie wote nyumbani kwako: mkeo, na umwambie kabisa amependeza, mama yako, ambaye bila shaka hujamwona siku nyingi maana kengele yake iko kwangu, shemeji yako, ambaye ameshaombwa radhi mara sita na hana habari, na watoto, ambao natumaini bado wanakuuliza wewe. Mama yangu anakusalimu sana. Shemeji yangu naye, yuko mezani.

Ni mimi ninayetii kengele zako bila kupenda,

Fundi wa kuchomelea, maarufu kama Ijumaa Ijayo.

N.B. Ndugu, usishangae mwandiko kubadilika. Ni mimi, mke wake. Amenipa bahasha nimfikishie fundi simu kwa kuwa soko liko njiani kwangu kwenda shule. Mume wangu anajua kuunganisha vyuma. Karatasi ilijifungua yenyewe kabla sijafika kona.

Nakuomba radhi kwa niaba yake. Huna kosa lolote. Simu yako ilikuja safi, haina kengele hata moja. Jioni ile alipokwenda kuoga niliikuta wazi juu ya kabati, nikaiwekea namba ya siri, nikaandika kengele ya bawaba. Nilikusudia hiyo moja tu, lakini nilipoanza vidole vilikataa kusimama. Hayo yote nilikuwa nimeshamwambia kwa mdomo, mengine tangu mtoto wa kwanza hajazaliwa. Ya Alhamisi niliiongeza juzi juzi alipokwenda kwa mama akaiacha simu nyumbani. Niliiandika nikaifuta, nikaiandika tena.

Sikujua kwamba anaogopa. Hilo limeniuma, na leo jioni nitamwambia kiti ni chake. Namba nayo nitampa siku atakayoniuliza mimi, maana mpaka sasa amemwuliza fundi, na wewe, na nasikia hata zimamoto aliwadokezea. Wala si namba ngumu. Amejaribu mwaka aliozaliwa, mwaka aliofungua karakana, na mwaka timu yake ilipochukua kombe, nami nimekaa naye kochi moja natazama. Ni mwaka tuliooana.