Uchafu Kwenye Mwanga wa Jua

Jumatatu, 3 Septemba 1956
Nimesoma gazetini. Wamarekani wana darubini kubwa kuliko nyumba yetu. Wataalamu wao wanahangaika kuiundia chombo cha kuchambua mwanga, wajue nyota zimeumbwa kwa kitu gani. Miaka wanahangaika! Mimi Leodegar, fundi saa wa Mchafukoge, nitakiunda kwa wiki moja na kuwapelekea kwa meli. Mke wangu Euphrasia kauliza nani kaniagiza. Hakuna. Mtu mkubwa haagizwi.

Jumanne, 4 Septemba
Kinatakiwa kioo cha pembe tatu. Nikakumbuka taa ya vioo inayoning'inia sebuleni kwa Bi Mauza, Kariakoo. Nikamwamkia, nikamwambia vioo vyake vimefifia, vinataka mkono wa fundi. Akanipa kimoja. Akasisitiza nikirudishe salama, taa ile aliachiwa na marehemu mama yake. Mlangoni nikamdokeza mwanawe Saif, muuza miwani, mpango wangu. Akasema mimi na darubini ni kama kuku na baiskeli. Tutaona!

Alhamisi, 6 Septemba
Nimekata bomba la mfereji wa paa. Mvua hakuna, lilikuwa linafanya nini kule juu? Ndani nimelipaka masizi. Mwanga uingie kwenye ufa mwembamba sana, kwa hiyo nimefunga nyembe mbili, makali kwa makali. Nyembe za baba mkwe, Mzee Anaeli, aliyeshuka kutoka Moshi kwa ajili ya harusi ya ndugu. Alikuwa kanyoa shavu moja. Kaenda harusini hivyo hivyo. Hanisemeshi.

Ijumaa, 7 Septemba
Saa nne asubuhi. Nimeelekeza chombo kwenye ukuta mweupe unaowaka jua. RANGI! Nyekundu, njano, kijani, buluu, zambarau, zimejipanga kama kanga dukani. Nikapiga kelele mpaka Euphrasia akaacha ugali jikoni. Akachungulia. Akachungulia tena. Kisha akasema, "Baba Celina, hii nzuri." Miaka kumi na moja ya ndoa, mara ya kwanza!

Lakini kuna kasoro. Ndani ya rangi kuna mistari myeusi, myembamba kama nywele. Uchafu! Siwezi kupeleka Amerika kitu kichafu. Nimefuta kwa kitambaa. Ipo. Kwa spiriti. Ipo. Nikashika msasa. Imetoka! Rangi nazo zimetoka. Kioo kimekuwa kama jicho la samaki wa juzi pale Feri.

Jumamosi, 8 Septemba
Saif kamleta Mwalimu Isidori, anayefundisha sayansi, waje wanicheke. Nikaeleza habari ya mistari. Mwalimu akakaa chini. Akasema ule si uchafu. Mistari ile ndiyo inayosema jua limeumbwa kwa kitu gani, na ndiyo wanayoitafuta wenye darubini kubwa. Akaniuliza taratibu, "Ukaifuta?" Saif hakucheka. Heri angecheka.

Nikarudisha kioo. Bi Mauza alikigeuzageuza mkononi, machozi yakamlenga. Hakunitukana. Nikatamani anitukane. Nikajitolea kumsafishia vilivyobaki. Akafunga mlango.

Jumapili, 9 Septemba
Nimefikiri kanisani, mahubiri yote. Isidori hajui kitu. Mimi nimesafisha saa za mji mzima, uchafu naujua! Wamarekani wa watu, miaka yote hiyo wanakodolea macho uchafu, na hakuna aliyethubutu kuwaambia. Nimewaandikia barua. Wafunge vioo vyao vyote kwenye makasha, wavilete Mchafukoge. Msasa ninao.