Tawi la Japani Liko Roshani

Jumatatu, 3 Machi
Kambi ya wanamaji imebandika tangazo. Maofisa wa nchi nne wanakuja kupanga mazoezi ya pamoja, na anatafutwa wa kuwalisha. Sharti: kampuni ya kimataifa, yenye tawi nje ya nchi. Mimi nina meza sita na sufuria la supu ya mifupa. Wateja wasipopatikana mwezi huu tunafunga, nami nikafute meza za Chang-su, ndugu wa mke wangu, mwenye ukumbi wa nyama choma. Nimemzidi miaka tisa! Leo kaniambia, "Shemeji, aproni yako nimeshaitundika."

Jumanne, 4 Machi
Dawa imepatikana. Mal-ja, dada wa mke wangu, anaishi Fukuoka na huwauzia majirani kimchi, kabichi ya kuchachushwa yenye pilipili, anayoitengeneza roshani. Mapishi ni ya kwetu Korea. Basi hilo ni tawi. Nimechapisha kadi: Bong Chil-sung, Mwenyekiti, Supu ya Mataifa. Mal-ja nimempa ukurugenzi wa Japani. Kauliza kwa nini asiwe yeye mwenyekiti, maana ndiye aliye ng'ambo. Ana tamaa sana. Mke wangu Ok-bun aliendelea kuengua povu la supu.

Alhamisi, 6 Machi
Luteni Noh wa kambini kaja kukagua. Nikampa kadi kwa mikono miwili. Akataka kuliona tawi la Japani, nikapiga simu ya video. Mal-ja akatokea katikati ya soksi za mumewe zilizoanikwa, akajitambulisha kuwa mwenyekiti. Luteni akafunga daftari. Zabuni kwisha.

Lakini Ok-bun alishamwekea supu. Luteni kala mabakuli mawili, kisha akasema Jumamosi kuna maofisa wanane watakaokula nje ya kambi na mkalimani wao, na hao hawahitaji zabuni. Kadi zimefanya kazi.

Jumamosi, 8 Machi
Wamefika na ugomvi wao. Siku tatu wanabishana nani atamwamuru nani baharini, na kila nchi inataka kichwa cha meza. Nikafanya kama mtu yeyote aliyelelewa: nikawauliza miaka ya kuzaliwa, nikawapanga kwa umri, mzee kichwani. Mkuu wa msafara ana arobaini na moja tu, kaangukia mlangoni, karibu na viatu vilivyovuliwa. Kichwani kakaa mkalimani, mzee wa miaka sitini na sita.

Luteni Noh akabadilika rangi. Niliogopa kweli, nikaiona ile aproni ya Chang-su. Kisha mkuu wa msafara akacheka, akainuka akammiminia mzee kinywaji kwa mikono miwili. "Angalau leo tunajua mkubwa ni nani," akasema. Wengine wakafuata. Supu ikaongezwa mara tatu.

Jumatatu, 10 Machi
Kambi imeagiza supu ya watu arobaini kila Alhamisi. Hatufungi. Nimelia jikoni, nikasingizia vitunguu. Chang-su nimemwambia aproni avae mwenyewe.

Luteni anasema kilichowavuta ni mkono wa Ok-bun, na ananiomba nisigawe tena zile kadi. Hajui biashara. Nimeagiza kadi mia tano nyingine, na kibao chenye bendera tatu. Ya tatu ni Mongolia: binamu wa muuza samaki anakwenda huko Mei, atabeba pakiti ya supu.

Ok-bun kauliza nani ataosha mifupa ya watu arobaini. Nikamfafanulia kwamba hayo yako chini ya tawi la Korea. Kavua aproni yake, kanifunga nayo kiunoni.

Nimeguswa. Hata yeye sasa anaona mwenyekiti anahitaji sare.